Choroko: mche mnono, gunia jepesi

Mvua za kwanza zikishanyesha huku Simiyu na watu wakaanza kutoa plau nje, swali linalozunguka kwenye maduka ya pembejeo ni moja: choroko, kilo ngapi kwa ekari? Muuzaji atakujibu 8. Bwana shamba atakwambia 6 mpaka 8. Jirani atacheka, akwambie kisado kimoja, yaani kilo 3 na kitu, kinatosha na kubaki. Ukibishana nao watakupeleka shambani, na ajabu ni kwamba wote watakuonyesha mche wa aina moja: ule ulioota peke yake ukingoni, karibu na njia ya ng'ombe, umetanua matawi pande zote na maganda yamening'inia mpaka chini. "Unaona mwenyewe? Choroko inataka nafasi."

Huo mche mimi siuamini. Sisemi hauzai, unazaa kweli. Lakini hakuna anayepeleka mche mnadani. Tunapeleka magunia, na gunia halijali kama punje zake zimetoka kwenye mche mmoja mnono au kwenye mitatu myembamba. Nimezaliwa kwenye nyumba ya wakulima wa pamba na choroko, na nimesikia habari ya mche mnono tangu nikiwa mdogo. Nadhani ndio unaotufanya tupande mbegu chache kuliko inavyotakiwa, kisha lawama zote tukaitupia mvua.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu ubishi huu hauishi. Mavuno ya choroko yanatokana na vitu vinne vinavyozidishana: mimea iliyosimama kwenye mita moja ya mraba, maganda kwa kila mmea, punje ndani ya kila ganda, na uzito wa punje. Hivi viwili vya mwisho havisogei sana kwa sababu ya kubanana. Ganda hubeba punje 10 hivi, 12 likineemeka, na hilo huamuliwa zaidi na aina ya mbegu na maji yaliyokuwapo wakati punje zinajaa. Kinachopanda na kushuka ni idadi ya maganda. Mmea wenye nafasi hutoa matawi ya pembeni, na kila tawi huleta maua yake. Mmea uliobanwa hukaa na shina lake moja na vichane vichache juu.

Chukua mfano wa kuhesabia tu. Ganda lina punje 10, na punje 1,000 zina uzito wa gramu 50. Shamba la kwanza lina mimea 10 kwa mita ya mraba, kila mmoja na maganda 16: hizo ni gramu 80 kwa mita, au kilo 320 kwenye ekari ya mita za mraba 4,000. Shamba la pili lina mimea 20, kila mmoja na maganda 9: gramu 90, kilo 360. La tatu lina mimea 40, na kila mmoja ana maganda 4 tu, mimea ya kutia huruma: gramu 80, kilo 320. Ukimpeleka mgeni kwenye mashamba hayo matatu akachague bila mzani, atasimama kwenye lile la kwanza na kupiga picha. Mzani unachagua la pili, na lile la tatu lenye mimea ya kutia huruma limefungana na lile la picha.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1953 Tatuo Kira na wenzake huko Japani walionyesha, soya ikiwa miongoni mwa mimea waliyoitumia, kwamba ukiendelea kuongeza mimea kwenye eneo lile lile, uzito wa jumla wa mimea yote unapanda, halafu unafika mahali unagoma. Baada ya hapo kila mmea unaoongeza unapunguza wenzake kwa kiasi kile kile ulichokuja nacho. Mita ya mraba ina jua lake, maji yake na chakula chake. Ni sinia moja. Wakae watoto watano au wanane, sinia litaisha vilevile, kinachobadilika ni ukubwa wa tonge. Ila hao walikuwa wanapima mmea mzima, majani na mashina. Sisi tunauza punje, na kwa punje mambo ni magumu kidogo zaidi, kwa sababu mmea uliobanwa kupita kiasi unaweza kujenga shina na majani kisha ukashindwa kabisa kufunga maganda. Ndiyo maana mavuno ya punje yakishafika kileleni hayabaki pale pale, huanza kushuka polepole.

Hapa ndipo penye neno langu. Katikati ya nyembamba mno na nene mno kuna uwanda mpana ambamo choroko inajirekebisha yenyewe. Ukiwa na mimea 20 au 30 kwa mita ya mraba, tofauti ya mavuno mara nyingi ni ndogo kuliko ile inayoletwa na palizi iliyochelewa wiki moja. Kwa hiyo kugombana kama ni kilo 7 au 8 ni kupoteza jioni. Hatari iko kwenye kingo mbili, na kwa mashamba mengi ninayoyajua, ukingo tunaoangukia ni ule wa mimea michache.

Kwa nini choroko isijaze nafasi yote kama wanavyodai wenye mche mnono? Kwa sababu haina muda. Mbaazi za muda mrefu zinakaa shambani miezi 6 na zaidi. Ukiipa mbaazi nafasi ya mita nzima itaijaza bila shida. Choroko inaota siku ya 4 mpaka ya 6, inaanza maua kwenye siku ya 35 au 40 hivi, na kwenye siku ya 60 mpaka 75 maganda ya kwanza yameshakuwa meusi. Toa wiki mbili za mwanzo ambazo mche hauna hata majani ya kutosha, utabaki na kama mwezi mmoja wa kutanua matawi. Pengo la sentimita 20 mmea utaliziba. Pengo la nusu mita litabaki wazi mpaka mavuno, na jua litakuwa linapiga udongo mtupu msimu mzima.

Wahindi, ambao wameishi na zao hili kwa maelfu ya miaka, wanaliona hili kwenye viwango vyao wenyewe. Zao la msimu wa mvua, wanaloliita la kharif, hupandwa kwa kilo 15 mpaka 20 kwa hekta. Zao la kiangazi, linalokua haraka na kubaki fupi, huongezewa mbegu hadi kilo 25 au 30. Mmea usio na muda wa kutanuka unahitaji wenzake karibu. Ukizigeuza kwa ekari, ile ya mvua inaangukia kwenye kilo 6 mpaka 8, ile ile ya bwana shamba wetu, na ya kiangazi kwenye 10 mpaka 12.

Sasa tuje kwenye ukingo wenyewe. Shamba likiwa jembamba, wa kwanza kufurahi ni ndago na mbigili. Choroko ikiwa changa haina ubavu wa kushindana. Wiki tano za mwanzo ndizo zinazoamua, na kama majani ya mstari huu hayajakutana na ya mstari ule, kila mvua italeta magugu mapya. Utapalilia mara ya pili, mara ya tatu, na gharama ya vibarua wa palizi hizo inazidi mara nyingi ile mbegu uliyojisifu kuiokoa. Pili, matawi ya pembeni huchanua yakiwa yamechelewa. Unajikuta na mmea mmoja wenye maganda makavu chini, mabichi katikati na maua juu. Mvua ikirudi wakati huo, yale makavu yanapiga ukungu au punje zinachipua ndani ya ganda, na wewe bado unasubiri ya juu yaive.

Shamba likiwa nene mno, dalili ni nyingine. Mashina yanarefuka yakitafuta jua, yanakuwa membamba, na upepo wa mvua moja tu unayalaza. Majani ya chini yanageuka manjano mapema kwa kukosa mwanga. Hewa haipiti, umande unakaa mpaka saa nne asubuhi, na ubwiri unga pamoja na madoa ya majani hupata makao. Anayepuliza dawa ya vidukari au ya funza wa maganda anapuliza juu ya paa la majani, chini dawa haifiki. Maua yanachanua kisha yanadondoka.

Na kuna maji. Hapa wengi wa Usukumani husema: mvua zetu ni chache, kwa hiyo tupande michache, igawane. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila nusu tu. Kwenye mbuga, udongo ule mweusi unaopasuka kiangazi, watu hupanda choroko baada ya mpunga au mahindi ya mwanzo, zao linaishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Hapo bajeti ni moja na haiongezwi. Mimea ikiwa 40 kwa mita itakunywa mapema, itakuwa ya kijani kibichi ya kupendeza hadi maua, halafu wakati wa kujaza punje kisima kimekauka. Unavuna maganda mafupi yenye punje 5, zimesinyaa. Mahali hapo nitakubaliana na yeyote anayesema mimea 20 inatosha, au hata pungufu kidogo. Lakini kwenye luseni, udongo wa kichanga ambao zao linategemea mvua inayoendelea kunyesha, kupunguza mimea hakuweki akiba yoyote ya maana. Maji ambayo choroko haikunywa, jua na magugu vitakunywa.

Waaustralia wa Queensland, ambao hulima choroko kwa matrekta kwenye udongo mweusi unaofanana sana na mbuga zetu, wanalenga mimea 20 mpaka 30 kwa mita ya mraba pale wanapotegemea mvua na 30 mpaka 40 wanapomwagilia. Sisemi tuwaige. Nasema angalieni wanachohesabu: mimea iliyosimama. Kilo ni hesabu ya duka, inakuja baadaye.

Na kilo ndizo zinazotupoteza. Punje za choroko hazilingani hata kidogo. Kuna zile ndogo za kienyeji ambazo punje 1,000 hazifiki gramu 40, na kuna za aina zilizoboreshwa zenye gramu 60 na zaidi. Tuseme yako ni gramu 35: kilo moja ina punje kama 28,500. Ya jirani yako ni gramu 65: kilo moja ina punje 15,400 hivi. Nyote wawili mmesikia kilo 8 kwa ekari. Wewe umemwaga punje 57 kwa kila mita ya mraba, yeye 31. Mmefuata ushauri mmoja, na mashamba yenu ni mawili tofauti kabisa. Wewe utalalamika kwamba choroko zako zimelala, yeye atasema mtaalamu alikuwa sahihi. Ndugu zetu wa Kitui na Makueni, wanaoziita ndengu, nao jambo hili liko mlangoni kwao: aina mpya za KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya huko Kenya, zina punje kubwa kuliko zile walizozoea, na gorogoro lile lile la mbegu halipandi tena eneo lile lile.

Ongeza ekari yenyewe. Kwenye karatasi ekari ni mita za mraba 4,047, karibu 64 kwa 64. Kijijini ekari ni 70 kwa 70, na mwenye kupima ni miguu. Hatua za mtu mfupi aliyechoka zinaweza kukaribia ile ya kwenye karatasi. Za kijana mrefu anayekodisha shamba la baba yake zitakuwa fupi zaidi, hilo mnalijua. Aliyepima kwa kamba mita 70 kwa 70 kamili ana mita za mraba 4,900, zaidi ya ekari ya kitabu kwa moja ya tano na ushee. Kilo 8 zilezile zimetandazwa kwenye uwanja mkubwa kwa asilimia 21.

Basi hesabu yangu huanzia upande wa pili. Ninataka mimea mingapi isimame? Chukua 25 kwa mita ya mraba, ekari ya mita 4,000, hiyo ni mimea 100,000. Halafu, mbegu ngapi zitapotea njiani? Chukua punje 100 bila kuchagua, zifunge kwenye kitambaa kibichi, kiweke kivulini kikae na unyevu, fungua siku ya tano uhesabu. Zikiota 85, hiyo ndiyo nguvu ya mbegu yako. Utakutana na punje chache zilizobaki ngumu kabisa, hazijavimba hata. Hizo ndizo wapishi wanazozijua, zile zinazobaki mawe sufuriani baada ya saa nzima ya moto. Utakutana pia na zenye tundu la fukusi. Kisha kubali kwamba si kila inayoota kitambaani itatoka ardhini: kuna mchwa, kuna kwale, kuna kuzikwa kina kirefu mno. Ukipata 80 katika kila 100 zenye uhai, shukuru. Asilimia 85 mara 80 inakupa 68. Gawanya 100,000 kwa 0.68, unapata punje 147,000 hivi. Kwa choroko ndogo ya gramu 35 hizo ni kilo 5 na kidogo. Kwa ile kubwa ya gramu 65 ni kilo 9 na nusu. Yule jirani wa kisado hayuko mbali sana na ukweli kama mbegu yake ni ndogo na safi, na muuzaji wa kilo 8 anamdhulumu mwenye punje kubwa bila kujua.

Anayeona hesabu hii ni ndefu akumbuke kwamba tumeshaifanya kwenye pamba. Miaka yote tulipanda sentimita 90 kwa 40, miche miwili kwa shimo, na hiyo ni miche 22,222 kwa ekari. Ikaja kampeni ya 60 kwa 30, miche miwili vilevile, ikawa 44,444. Mara mbili kamili. Wazee walisema pamba itasongana, haitabeba vitumba. Kila mche ulibeba vichache, ni kweli, na bado waliokubali na kupalilia kwa wakati walijaza magunia zaidi. Nashangaa kwamba watu waliobishana msimu mzima kuhusu sentimita za pamba wanaipanda choroko kwa kukadiria kiganja.

Kiganja ni cha baba yangu mkubwa, na sitaki kumsema vibaya maana ana sababu zake. Yeye humwaga mbegu juu ya shamba, halafu plau inapita kuzifunika. Ng'ombe ni wa kuazima, siku ni moja, na mvua haisubiri mtu apime kamba. "Mwanangu," aliniambia nilipomuuliza mbona anamwaga nyingi hivyo, "zingine ni za ndege, zingine plau itazizika kaburini." Na ndivyo ilivyo. Choroko hutoka ardhini ikibeba pande zake mbili za punje juu, shina likiwa limepinda kiwiko. Ikizikwa sentimita 10 nguvu zinaisha kabla ya kuona mwanga. Sentimita 3 mpaka 5 ndiyo makao yake. Anayemwaga na kuzika kwa plau lazima aongeze mbegu, pengine mara moja na nusu, na baba mkubwa analijua hilo bila kuandika popote.

Tatizo la kumwaga si idadi tu. Shamba la kumwaga lina mahali pana mimea 60 kwa mita na mahali pana 3. Ukihesabu kote ukagawanya unapata 25, ukafurahi, lakini hakuna mche unaoishi kwenye wastani. Ile 60 imelala, ile 3 imemezwa na ndago. Kwa hiyo kama kuna jambo moja la kugharamia kabla ya kuongeza kilo, ni mstari. Si lazima mashine. Plau ya ng'ombe inakata mfereji wa sentimita 20 hadi 25. Mtu akidondosha mbegu kila mfereji wa pili, una mistari ya sentimita 40 hadi 50 bila kamba. Kwenye mstari wa 50, mimea 25 kwa mita ya mraba maana yake ni punje inayotoka kila sentimita 8. Ila adondoshe pembeni mwa mfereji, kwenye bega, asidondoshe kwenye kina chote, na udongo wa kufunika uwe mwepesi.

Kwenye ardhi inayofunga uso baada ya mvua kubwa, ile tunayoiita ibambasi, kuna sababu nzuri ya kuweka punje 2 au 3 pamoja badala ya moja moja. Zinasukuma pamoja, zinapasua gamba la udongo kwa nguvu ya pamoja. 50 kwa 20 miche miwili ni idadi ile ile ya 50 kwa 10 mche mmoja, 20 kwa mita, na hakuna haja ya kuona moja ni ya kitaalamu kuliko nyingine.

Vipeperushi vingi vinasema ukishaota, punguzia miche. Sijaona mwenye ekari tano za choroko akipunguzia miche. Hata kibarua ukimlipa hatang'oa mche wenye afya kwa moyo mkunjufu. Afadhali idadi ipatikane siku ya kupanda. Kujazia mapengo nako, ikishapita wiki moja, ni kazi ya kujifurahisha: mche uliochelewa unakutana na kivuli cha kaka zake, na ukijitahidi ukazaa, maganda yake yataiva wakati shamba limeshang'olewa.

Kuhusu pesa nitapita haraka. Choroko ni zao lenye mbegu rahisi. Karanga zinakula kilo 40 na zaidi za mbegu kwa ekari, kwa hiyo mwenye karanga ana haki ya kulia. Choroko kilo 8 zikitoa kilo 320, mbegu imejilipa mara 40. Ukiongeza kilo 3 za mbegu iliyokugharimu mara mbili ya bei ya choroko ya kula, unahitaji kilo 6 tu za ziada kwenye mavuno ili urudishe fedha. Kilo 6 kwenye ekari nzima. Kwa hiyo mwenye shaka kati ya chache na nyingi, kwenye udongo usiotegemea unyevu wa akiba, aegemee nyingi kidogo. Mwenye mbegu ya daraja la kuazimiwa, ile inayozalishwa na wakulima chini ya ukaguzi, aliyonunua kwa bei ghali asiinyooshe kama mpira kwa uchungu. Apande nusu ya shamba vizuri.

Asiyeniamini asiamini, atenge vipande vitatu ndani ya shamba lake, udongo mmoja, siku moja ya kupanda. Kimoja apande kama alivyozoea, kimoja nusu ya hapo, kimoja mara moja na nusu. Asiweke vipande ukingoni, maana mistari ya pembeni inakula jua na maji ya njiani. Avune mita zinazolingana katikati ya kila kipande, apure kila kimoja peke yake, apepete, apime. Asihesabu maganda. Na akipata vipande vyote vitatu vinakaribiana, asidhani jaribio limeshindwa: ameshaujua uwanda wake, na sasa anaweza kuchagua kwa sababu nyingine.

Sababu hiyo nyingine, kwangu, ni uchumaji, na ndiyo watu wanaoandika kuhusu nafasi za kupandia huisahau. Kwetu wanaochuma choroko ni wanawake. Mama yangu mdogo huingia shambani na mfuko kiunoni saa kumi na mbili asubuhi, maganda yakiwa bado na umande ili yasipasuke mkononi, na anatoka jua likianza kuchoma. Kwenye shamba jembamba anarudi mara tatu, mara nne, kwa sababu ile miche minono inaendelea kuchanua na kuiva kwa zamu, tena maganda ya matawi ya chini yako kifundoni, anachuma akiwa amepinda mgongo msimu mzima. Kwenye shamba lililosimama vizuri, lenye mashina yenye matawi machache, maganda mengi yako juu ya majani na yanaiva karibu pamoja. Anachuma mara moja, ya pili anang'oa mimea yote, inaanikwa kwenye turubai na kupurwa kwa fimbo. Kilo zinaweza kuwa zilezile kwenye mashamba yote mawili. Nilipomwonyesha mistari ya 40 na ya 50 akachague, hakuuliza mavuno. Aliingia kati ya mistari ya 40, akazunguka na mfuko wake, maganda yakakatika yakianguka chini, akatoka. Akaingia kwenye ya 50 akapita. Kwa hiyo tunapanda 50, na idadi ya mimea tunaitafuta ndani ya mstari.